Njia ya Pili Hufa Saa Nne

Alhamisi, katikati ya Oktoba. Kitui.

Joto la leo ni lile linalotangulia mvua bila kuileta. Mawingu yalikusanyika upande wa mashariki tangu saa sita, yakatutazama, yakaenda zao. Nimeketi katika nyumba ya wageni ya hospitali, dirisha likiwa wazi, na vumbi jekundu limeshaingia katikati ya herufi za kompyuta yangu. Mbooni nilikotoka Jumatatu, watu bado wanavaa sweta asubuhi. Hapa hata shati ni mzigo.

Ninaandika kabla ya chakula cha jioni. Nikila kwanza nitajihurumia, na nikijihurumia sitaandika ukweli.

Kesho saa tatu asubuhi bodi ya hospitali inakaa, na ripoti yangu ndiyo itakayoamua kama Mueni atabaki kazini. Jana nilikuwa na ripoti moja. Leo ninazo mbili, na zinapingana.

Kwa wanaofika kwenye ukurasa huu mara ya kwanza: mimi ni mzee mstaafu. Nilitunza kompyuta kubwa za kampuni moja Nairobi kwa miaka mingi, kisha nikarudi nyumbani kutunza avokado, ambazo haziniamshi na simu. Bado naitwa huku na huku mashine zikisumbua. Seva za hospitali hii ya kanisa nilizifunga mimi mwenyewe miaka sita iliyopita. Kila kebo niliivuta kwa mkono wangu. Lishikeni hilo. Ningelishika mimi mapema, leo ningekuwa ninaandika kuhusu mawingu.

Nieleze kwanza, maana bila hili mengine hayataeleweka.

Seva haihifadhi picha za eksirei ndani yake. Picha hukaa kwenye kabati la diski lililo chumba kingine, na seva hulifikia kabati hilo kwa kebo nyembamba za kioo zinazopitisha mwanga. Kebo ikiwa moja, siku ikikatika hospitali nzima inakuwa kipofu. Kwa hiyo tunaweka mbili, kila moja na swichi yake, yaani kisanduku cha kuunganishia kebo, halafu tunawasha programu inayoitwa multipath ili izisimamie.

Bila programu hiyo, seva huona kabati moja mara mbili. Ni kama mtoto aliyemwona shangazi akiingia kwa mlango wa mbele, baadaye akamwona akitoka kwa mlango wa jikoni, akaenda kutangazia boma kwamba wamekuja shangazi wawili. Multipath humwambia: shangazi ni mmoja, milango ndiyo miwili. Kisha hukaa ikichungulia kila mlango baada ya sekunde chache. Mmoja ukifungwa, kazi inapitia mwingine, na daktari hajui kama kuna kilichotokea.

Sharti ni moja tu. Njia hizo mbili zisikutane popote.

Kwetu Mbooni kuna vijia viwili vya kushuka kisimani, kimoja kikipita kanisani na kingine kando ya shamba langu. Watu walikuwa wakijisifu kwamba wana njia mbili. Lakini vyote viwili vilivuka korongo moja, juu ya gogo moja. Siku gogo lilipobebwa na maji ndipo walipojua kwamba walikuwa na njia moja na maneno mengi. Ndiyo maana hapa hospitalini nilizitenganisha kabisa. Njia ya kwanza niliipitisha darini, juu ya korido. Ya pili niliipitisha ukutani, ndani ya mfereji wa plastiki, katika chumba ambacho wakati huo kilikuwa stoo ya magodoro. Nilijivunia sana kazi ile.

Sasa shida yenyewe. Kwa miezi miwili, njia ya pili imekuwa ikifa kila siku ya kazi, dakika chache baada ya saa nne asubuhi. Inakaa imekufa nusu saa hivi, kisha inafufuka yenyewe. Jumamosi haifi. Jumapili haifi. Hakuna aliyejali sana kwa sababu njia ya kwanza ilikuwa ikibeba mzigo wote bila kulalamika.

Hadi Jumanne ya wiki jana. Swichi ya njia ya kwanza iliungua kipande chake cha umeme, na kwa bahati mbaya ilikuwa saa nne na dakika ishirini na mbili, njia ya pili ikiwa katika kifo chake cha kila siku. Picha zote zikatoweka. Mezani kwa daktari wa upasuaji kulikuwa na mwendesha boda boda aliyevunjika paja, na picha ya paja lake ilikuwa kwenye kabati ambalo hakuna aliyeweza kulifikia. Walimpakia kwenye ambulansi wakampeleka kwingine, kwa barabara mnayoijua. Aliishi. Lakini mama yake alikuja kuuliza ofisini ni nani aliyezima kompyuta, na swali hilo likafika kwa mwenyekiti wa bodi.

Mwenyekiti tayari alikuwa na jibu. Alitaka mimi nilitie sahihi.

Jibu lake lilikuwa Mueni. Mueni ni mama wa watoto wawili, ndiye peke yake anayetunza kompyuta za hospitali hii. Mwezi wa nane aliomba cheo akanyimwa, na ni mwezi huo huo njia ya pili ilipoanza kufa. Tena Mueni hushika Sabato, kwa hiyo Jumamosi haji kazini, na Jumapili hukaa nyumbani akingoja kuitwa tu. Mwenyekiti alinisukumia karatasi mezani: saa za kamera ya mlango wa chumba cha seva. Kila siku ya kazi Mueni anaonekana akiingia, peke yake, dakika tatu au nne kabla ya njia kufa.

Niliitazama karatasi ile kwa muda mrefu. Nikajiambia: mashine haijui Sabato. Mtu anaijua.

Nilianza hivyo, Jumanne asubuhi. Namsalimia Mueni kwa mkono, macho yangu yako kwenye funguo zilizoning'inia shingoni mwake.

Sikumwandika siku ile ile, msinifikirie vibaya kupita kiasi. Mimi hufanya kazi kwa kuondoa. Nilisoma mipangilio ya multipath mstari kwa mstari: muda wa kusubiri njia ikifa, jinsi ya kurudi ikifufuka, jina la kabati. Yote yalikuwa kama nilivyoyaacha. Nikasafisha ncha za kebo, kwa sababu vumbi la Kitui likikaa kwenye kioo hata chembe moja hufanya mwanga upepese. Nikabadilisha vile vipande vidogo vinavyogeuza umeme kuwa mwanga, upande huu na upande ule. Nikahamisha kebo kwenye tundu lingine la swichi. Jumatano, saa nne na dakika nane, njia ya pili ikafa tena kama mtu aliyetimiza ahadi.

Nilipomaliza kuondoa vitu, nikabaki na mtu.

Na kulikuwa na jambo lingine lililonikera. Kwenye daftari la matengenezo Mueni alikuwa ameandika, mara tatu, kwa mwandiko wake wa kulala: "Naomba tubadilishe kebo yote ya njia ya pili, toka mwanzo hadi mwisho." Hata Jumanne aliniambia kwa mdomo. Nilimtazama nikafikiri: huyu anataka nizunguke kwenye kuta wakati yeye anafuta nyayo zake. Kebo ile niliivuta mimi. Ina kosa gani?

Jumatano jioni nikaandika ripoti. Nikamtumia mwenyekiti nakala, kisha nikampigia nikamwambia nina uhakika karibu kamili. Alifurahi kuliko nilivyotarajia. "Mzee, wewe ndiye tulikuwa tunangoja," akasema. "Na usijali juu ya hiyo nafasi, kuna mtu mzuri anaweza kuishika hata Jumatatu."

Hilo la mtu mzuri nililiweka pembeni ya akili yangu. Mimi huweka vitu pembeni.

Kisha nikampigia mke wangu, Mama Ndinda, kumwambia nitarudi Ijumaa. Nikamsimulia yote. Alikuwa akichambua maharagwe, nilisikia yakianguka kwenye sufuria. Akaniuliza swali moja.

"Baba Ndinda, ulimwona akiitoa hiyo kebo?"

Nikamweleza juu ya kamera.

"Sikukuuliza kamera imeona nini."

Nilijaribu kumweleza kwamba kazi ya ushahidi ni kutuonyesha tusichokiona. Akasema sawa, maharagwe yanaungua, na nilijua hakuna maharagwe yanayoungua kabla ya kuwekwa motoni. Lakini leo asubuhi niliamka na swali lake limekaa kitandani kabla yangu. Nikaamua: saa nne ikifika, nitakuwa mahali alipo Mueni, na sitamwachia macho.

Saa nne hapa ni chai. Mimi sikuwa nimeenda kwenye chai yao hata siku moja, kwa sababu siamini maziwa ya ng'ombe ambaye sikumwona akikamwa. Leo nilikwenda. Chumba cha chai ni kidogo: meza katikati, viti upande mmoja, na upande wa ukuta benchi refu la mbao lenye egemeo. Wafanyakazi husimama wote kwa maombi kabla ya kumimina. Leo ilikuwa zamu ya Mchungaji wa hospitali, mtu mnene, mwema, ambaye sala yake huanzia uumbaji wa dunia na hufika kwenye chai kwa miguu.

Nilimwekea Mueni jicho moja wazi muda wote. Mungu anisamehe. Alisimama mbele yangu, ng'ambo ya meza, mikono ameikunja kifuani.

Amina ikafika. Mchungaji akanishika kiwiko. "Mzee, kaa hapa kwangu. Mgeni hakai pembeni." Akanipisha mahali pake kwenye benchi, mwisho kule kwenye kona, akajibana katikati ya wauguzi wawili. Tukakaa wote kwa mpigo, nikaegemea.

Simu ikatetemeka mfukoni mwa shati langu. Nilikuwa nimeiunganisha na seva Jumanne ili nami nipate taarifa kila njia ikifa au ikifufuka. Wakati huo huo simu ya Mueni ikatetemeka juu ya meza. Akaisoma, akaweka kikombe chini, akainuka.

"Samahani. Imeanguka tena," akasema, akaenda kwa askari kutia sahihi kitabu cha mlango wa chumba cha seva.

Nikabaki na kikombe mkononi. Mueni alikuwa mbele ya macho yangu kwa robo saa nzima. Njia ilikufa kabla hajanyanyua mguu.

Nataka kuwa mkweli hapa, kwa sababu ndiyo sababu ya kuandika. Wazo langu la kwanza halikuwa kwamba Mueni hana kosa. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba ana mwenzake.

Nikainuka haraka nione ni nani hayupo chumbani. Nilikuwa bado nahesabu vichwa simu ilipotetemeka tena. Njia ya pili hai. Nikashangaa, nikakaa nifikirie. Sekunde chache: njia ya pili imekufa.

Nikasimama. Hai.

Nikakaa. Imekufa.

"Mzee," Matron, mkuu wa wauguzi, akasema kutoka upande wa birika, "ni mgongo ama ni hiyo benchi? Nikuletee dawa ya kuchua?"

"Mchungaji," nikasema, "hebu njoo ukae hapa kwako."

"Sasa mzee, heshima ya kiti mtu huirudisha?"

"Irudishe kwanza. Nitakueleza."

Akaja, akakaa jinsi anavyokaa siku zote, kwa uzito wake wote, akaegemea. Simu ikatetemeka. Nikamwonyesha Matron kioo cha simu. Akasoma polepole, akamtazama Mchungaji, akasoma tena.

"Ngai! Kwa hivyo ni Mchungaji ndiye anaua eksirei zetu?"

"Mimi?" Mchungaji akaruka, na njia ikafufuka. "Mimi nimeomba tu!"

"Umeomba ukamaliza, ukaketi juu ya hospitali," Matron akamwambia, na wauguzi wakacheka hadi mmoja akamwaga chai.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshavuta benchi.

Nyuma yake, kwenye kona, ulikuwa ule mfereji wangu wa plastiki. Kifuniko kilikuwa kimevunjika kipande cha kama mkono mmoja, na kebo ilikuwa imetoka nje kama utumbo. Egemeo la benchi lilikuwa likiibana ukutani. Kebo ya kioo haihitaji kukatwa ili ife. Ukiikunja sana, mwanga unavujia kwenye kona na hauendi tena mbele. Ukiiachia, mwanga unarudi. Juu ya ganda lake palikuwa na alama nyeupe, mkunjo wa miezi miwili.

Nikauliza chumba kimekuwa cha chai tangu lini. Matron akasema tangu mwezi wa nane, walipohamisha magodoro na kugeuza chumba cha chai cha zamani kuwa wodi. Mwezi wa nane. Mwezi ule ule Mueni aliponyimwa cheo.

Baada ya hapo mambo yalikuja yenyewe, moja likivuta jingine, na kila moja lilinichapa.

Nilichukua orodha ya saa za vifo. Jumatatu: saa nne na dakika sita, saa nne na dakika tano, saa nne na dakika sita. Jumatatu huomba Matron, naye huomba kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Jumanne na Alhamisi ni zamu ya Mchungaji: dakika kumi na saba, dakika kumi na nane, na ile Jumanne ya mwendesha boda boda, dakika kumi na tisa. Nilikuwa nimeitazama orodha hiyo siku tatu. Niliona kwamba dakika hazilingani, nikaandika kwenye ripoti kwamba mhusika "anabadilisha saa makusudi ili asigundulike." Niliandika hivyo. Kumbe ilikuwa urefu wa sala.

Jumamosi hakuna chai ya pamoja. Jumapili watu wako kanisani. Haikuwa Sabato ya Mueni.

Kisha kamera. Nilimwomba askari wa mlangoni asimame mbele ya kamera na saa yangu ya mkono juu ya kichwa chake.

"Mzee, sasa hata mimi nimeshukiwa?" akaniuliza.

"Saa ndiyo nashuku. Simama tu."

Kamera iko nyuma dakika nane. Hakuna aliyewahi kuirekebisha. Mueni aliyeonekana akiingia dakika nne kabla ya kifo, kwa kweli alikuwa akiingia dakika nne baada yake. Alikuwa akikimbilia kuokoa, kila siku, chai yake ikipoa mezani. Mimi niliweka mwisho mahali pa mwanzo, na ningeapa kwa hayo mbele ya bodi.

Tulibadilisha kebo pamoja mchana, mimi na yeye. Tuliihamishia juu, karibu na dari ya chumba cha chai, mbali na migongo. Nilipanda ngazi mwenyewe ingawa alinikataza. Swichi mpya ya njia ya kwanza ilishafungwa Jumatatu, kwa hiyo tuliwaonya wodi zote, tukaing'oa njia ya kwanza makusudi. Picha hazikutikisika. Tukairudisha, tukaing'oa ya pili. Hazikutikisika. Mchungaji akaitwa akakaa na kuinuka mara nne. Simu kimya. Huo ndio mtihani ambao ningeufanya kila mwaka kama ningekuwa mtu ninayejidai kuwa.

Tulipokuwa tukikunja kebo ya zamani ndipo nilipomwambia.

"Mueni, nilikuandika. Ripoti iko tayari. Nilisema ni wewe."

Hakushtuka. Aliendelea kuizungusha kebo kwenye mkono wake, kati ya kidole gumba na kiwiko, kama mama anayezungusha uzi wa kusukia kikapu cha kiondo.

"Nilijua, mzee. Jumanne ulinisalimia ukiangalia funguo."

Nikashika ncha ya pili ya kebo.

"Nilikuandikia kwa hiyo daftari mara tatu," akasema. "Mara tatu. Si ungeniuliza tu kwa nini?"

"Nilifikiri unanizungusha."

"Kwa sababu ni kebo yako."

Hakuisema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejitetea.

Alikuwa na haki. Niligusa kila kitu katika mlolongo ule isipokuwa kitu kimoja katikati, na nilikiacha kwa sababu ni mimi niliyekiweka. Nilimshuku mtu kabla ya kushuku mkono wangu. Hata kile kifuniko: nakumbuka sasa kwamba nilikifunga juu juu, bila skrubu, nikijiambia kwamba magodoro hayaegemei ukuta.

Saa kumi nilimpigia mwenyekiti. Nikamweleza: benchi, mkunjo, dakika nane za kamera.

"Mzee," akasema, "hayo ya benchi ni mambo ya fundi. Bodi itachanganyikiwa. Ile ripoti ya kwanza iko wazi zaidi. Niletee hiyo mpya tu, nitaisoma mwenyewe, nione tutafanya nini nayo."

Nitaisoma mwenyewe. Nione tutafanya nini nayo.

Nikakumbuka yule mtu mzuri anayeweza kuanza Jumatatu, ambaye nilikuwa nimemweka pembeni ya akili. Na moyo wangu, ambao haujifunzi, ukaanza tena ile kazi yake ya kuunganisha. Mpwa? Mkwe? Ndiyo maana alifurahi vile. Ndiyo maana alikuwa na karatasi ya kamera tayari. Nusu saa baadaye nilikuwa nimeshamfunga mwenyekiti kamba miguu na mikono.

Labda ni kweli. Labda naye amekalia kebo yake bila kujua. Namshuku, siwezi kudanganya. Ila kwenye ripoti hii sitaandika ninachoshuku. Nitaandika nilichoona: benchi, kebo, saa, na jina la aliyeivuta kebo hiyo, ambalo ni langu.

Lakini ripoti ikipitia mkono mmoja tu, hiyo ni njia moja, na mimi nimefundisha watu miaka yote wasitegemee njia moja. Kwa hiyo nimechapisha nakala mbili. Moja nimempelekea mwenyekiti kama alivyotaka, kwa heshima. Ya pili nimempa Matron, ambaye ndiye katibu wa bodi na huomba kwa dakika tano. Ameisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaiweka kwenye mkoba wake.

"Hii nitaisoma kwa sauti kabla ya ajenda ya kwanza," akasema. "Na wewe mzee, uwe hapo. Usirudi Mbooni asubuhi."

Sirudi. Nitakuwa hapo na kebo ya zamani kwenye mfuko, niiweke mezani wauguse ule mkunjo kwa vidole vyao. Mueni ameomba awepo pia, na Matron amesema atakuwepo.

Ile ripoti ya kwanza nimeifuta kwenye kompyuta. Nakala aliyo nayo mwenyekiti siwezi kuifuta.

Kuna jambo moja zaidi, nami nimelizunguka tangu nilipoanza kuandika.

Miaka mingi iliyopita, Nairobi, niliwahi kumpata mtu kwa njia hii hii ya kuondoa. Kioko, alikuwa fundi chini yangu. Diski zilikuwa zikitoweka na kurudi usiku wa zamu zake. Niliondoa kila kitu nikabaki na yeye, nikaandika kurasa mbili, akatoka na sanduku la karatasi mikononi. Nimeisimulia hadithi hiyo mara nyingi, hata kwenye ukurasa huu, kama mfano wa kazi safi. Baada ya yeye kuondoka shida iliisha, na hiyo ndiyo niliyoiita hakika.

Leo, nikiwa juu ya ngazi, nilikumbuka kwamba wiki ile ile aliyoondoka tulihamisha kabati zote kwenda ghorofa ya chini. Kebo zote zilivutwa upya. Zile za zamani nilizivuta mimi.

Sijui. Huenda alikuwa yeye. Hakuna mtu anayeweza tena kwenda kuvuta benchi lile.

Nimesikia Kioko ana duka la vipuri Makindu, kando ya barabara ya Mombasa. Ijumaa bodi ikimaliza, sitapanda kwenda Mbooni. Nimempigia Mama Ndinda nikamwambia nitapitia Makindu kwanza. Hakuuliza naenda kufanya nini. Aliuliza tu kama nitaenda kueleza ama nitaenda kuuliza.

Nitauliza.